Namna ya Kulinda Beringi za Injini ya Subaru Impreza Iliyotumika na Kuchagua Oili Yake

Beringi ya konrodi, yaani ya mkono unaounganisha pistoni na krenkishafti, katika injini ya Subaru Impreza yenye turbo ni vipande viwili vya nusu duara, vyenye unene wa milimita moja na nusu hivi, vinavyoenea kiganjani na nafasi ikabaki. Mgongo wake ni chuma kigumu, lakini uso wa ndani umepakwa matabaka ya metali laini ambayo ukiyakwaruza kwa ncha ya msumari yanaacha alama. Uso huo haukutengenezwa kusuguana na krenkishafti (krenki kwa kifupi), mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni. Krenki inapozunguka huikokota oili na kuisukumia upande uliobanana, na oili hiyo iliyobanwa ndiyo inayobeba nguvu yote inayoshuka kutoka kwenye pistoni. Nafasi iliyopo kati ya beringi na krenki ni milimita 0.02 hadi 0.05 hivi, yaani pungufu ya unene wa unywele mmoja. Utando wa oili ukikatika hapo kwa sekunde chache tu injini ikiwa katika mzigo mkubwa, metali hugusana, hupata joto, hulainika na kuanza kubanduka, na kuanzia hapo kunoki kwa injini, yaani beringi kufa na injini kuanza kugonga, ni suala la muda.

Mwongozo huu unahusu hasa injini ya EJ20 yenye turbo, iliyoanza kutumika katika Subaru Legacy mwaka 1989 na kuendelea kufungwa katika WRX STI, magari ya Subaru ya kimichezo, za soko la Japani hadi mwaka 2019. Ndiyo injini iliyo katika Impreza nyingi zenye turbo, na pia katika Forester na Legacy zenye turbo, zinazoshushwa zikiwa zimetumika katika bandari za Dar es Salaam na Mombasa. Imepewa jina baya la kunoki ovyo, nami siamini kwamba inalistahili. Impreza ndiyo iliyompa dereva Colin McRae ushindi wa Safari Rally nchini Kenya mwaka 1997, na ikampa Richard Burns ushindi wa mashindano hayohayo mwaka 2000, katika vumbi na joto tunalolifahamu. Tofauti ni kwamba magari yale yalihudumiwa na mafundi kila yaliposimama, ilhali haya ya kwetu hupita mikononi mwa wamiliki watatu au wanne bila yeyote kujua oili ilibadilishwa lini.

Hatua ya kwanza: ijue hali ya injini kabla ya kulipa, au wiki ya kwanza baada ya kulipokea gari

Omba gari uliwashe asubuhi likiwa limepoa kabisa, na usikubali kulikuta tayari linanguruma. Injini hizi zina tabia ya kutoa mlio mkavu wa pistoni kugusa ukuta wa silinda kwa dakika chache za mwanzo, na mlio huo ukipotea injini ikipata joto, hauna madhara makubwa. Mlio wa beringi hufanya kinyume chake, kwa kuwa huzidi kusikika oili ikipata joto na kuwa nyepesi. Pandisha mizunguko hadi 3,000 hivi, kisha achia mguu taratibu. Ukisikia mlio wa kugonga, wa haraka na mzito, kama nyundo ndogo inayogonga ubao kwa ndani, usilinunue gari hilo kwa bei ya gari zima. Fundi mzoefu anaweza kuondoa umeme wa plagi ya silinda moja baada ya nyingine, na mlio ukipungua anapoizima silinda fulani, basi amekwisha kujua beringi inayolalamika ni ya konrodi gani.

Baada ya kulinunua gari, mwaga oili yote hata kama muuzaji anaapa kwamba ni mpya, na usiitupe kabla ya kuitazama. Imimine kwenye beseni jeupe na uiangalie juani. Kisha mwombe fundi aikate filta ya zamani kwa msumeno au kifaa cha kukatia, aikunjue karatasi yake na kuikamua. Vumbi jeusi ni la kawaida. Vimeta vyenye rangi ya shaba, au vipande vyembamba vinavyong'aa kama maganda ya samaki ambavyo sumaku haivinasi, ni metali ya beringi, na hapo gari halipaswi kuendeshwa tena mpaka sampu, yaani bakuli la oili lililo chini ya injini, ifunguliwe. Kazi hii haichukui nusu saa, wala sijui kipimo kingine cha bei nafuu kinachosema ukweli kiasi hiki.

Hatua ya pili: kiwango cha oili

Nitakaa hapa kwa muda mrefu kuliko kwingineko, kwa sababu hapa ndipo injini nyingi zinapofia.

Impreza yangu ya kwanza ilinoki katika mlima wa Kitonga. Nilikuwa nimebadilisha oili Dar es Salaam katika gereji moja, na kwa kuwa nilikuwa nimelipia oili nzuri, sikuona haja ya kufungua boneti kwa zaidi ya kilomita 4,000. Nilikuwa napanda kuelekea Iringa, turbo ikifanya kazi muda wote nyuma ya malori, na katika kona moja ndefu taa nyekundu ya oili iliwaka kwa kitambo cha kufumba na kufumbua, kisha ikazima. Nilijiambia ni kasoro ya umeme, nikaendelea hadi Ilula. Asubuhi yake mlio wa kugonga ulikuwa unasikika hata gari likiwa limesimama. Injini ilipofunguliwa, kilichotoka kwenye sampu kilikuwa lita mbili na nusu katika injini inayohitaji zaidi ya lita nne. Vipande viwili vya beringi ya silinda ya tatu vilikuwa vimejizungusha ndani ya konrodi na kupandana, vyembamba kama bati la kopo, na mahali vilipokaa krenki ilikuwa na rangi ya zambarau kwa kuungua.

Nilichojifunza, na ambacho kila mmiliki wa gari hili anapaswa kukijua, ni kwamba injini hii imelala. Silinda zake ziko kulia na kushoto, na vichwa vyake viko pembeni badala ya kuwa juu, kwa hiyo katika kona ndefu inayochukuliwa kwa kasi sehemu ya oili hukimbilia kwenye kichwa cha upande wa nje na huchelewa kurudi. Sampu ikiwa imejaa, hakuna tatizo. Ikiwa imepungua lita moja na nusu, bomba la kunyonyea oili hubaki wazi kwa sekunde mbili au tatu, pampu ikavuta hewa, na hewa haibebi mzigo wa beringi. Kumbuka pia kwamba taa ile nyekundu haipimi kiwango cha oili hata kidogo. Huwaka pale shinikizo linapokuwa limeshuka mno, kwa kawaida chini ya nusu ya baa, na wakati huo madhara yanaweza kuwa yamekwisha kutokea.

Basi pima oili kila unapojaza petroli, au angalau kila Jumamosi asubuhi kabla ya kuwasha gari. Lisimamishe mahali tambarare kweli, kwa sababu katika injini iliyolala mteremko mdogo wa barabara ya nyumbani hudanganya. Chomoa kijiti cha kupimia, kifute kwa kitambaa safi, kirudishe hadi mwisho, kichomoe tena na usome pande zote mbili, kisha uamini ule upande unaoonyesha kiwango cha chini. Kati ya alama ya chini na alama ya juu kuna takriban lita moja. Usingoje oili ifike alama ya chini; ongeza ikifika katikati. Usivuke alama ya juu pia, kwani oili iliyozidi hupigwa na krenki ikawa povu. Andika kwenye daftari kiasi unachoongeza na kilomita zilizosomeka, maana injini yenye turbo inayokula lita moja kila kilomita 2,000 inaweza kuishi miaka mingi mikononi mwa mtu anayepima, na ikafa ndani ya mwezi mmoja mikononi mwa asiyepima.

Hatua ya tatu: kuchagua oili

Namba zilizoandikwa kwenye galoni huwachanganya wengi. Katika oili ya 5W-40, sehemu yenye W inaeleza jinsi oili inavyotiririka katika baridi kali, na kipimo cha 5W hufanyika katika nyuzi 30 chini ya sifuri, ilhali cha 10W hufanyika katika nyuzi 25 chini ya sifuri. Hakuna asubuhi ya Dar es Salaam, Mombasa wala hata Makete inayokaribia huko, kwa hiyo mwenye gari wa Afrika Mashariki hana sababu ya kubishana kati ya 0W, 5W na 10W. Namba ya pili ndiyo inayotuhusu, kwa kuwa inaeleza mnato wa oili katika nyuzi 100, yaani joto ambalo injini hufanyia kazi.

Lakini hata namba hiyo haitoshi. Ndani ya beringi oili huwa na joto kubwa zaidi, na husagwa kwa kasi kubwa mno. Kwa ajili hiyo kuna kipimo kingine, kiitwacho HTHS kwa kifupi, kinachofanyika katika nyuzi 150 oili ikiwa inasagwa. Oili ya namba 30 inaruhusiwa kushuka hadi 2.9 katika kipimo hicho, wakati oili ya 5W-40 haipaswi kuwa chini ya 3.5. Huna haja ya maabara ili kukijua. Geuza galoni na utafute maneno ACEA A3/B4, ambayo ni viwango vya Ulaya vinavyodai 3.5 au zaidi. Ukiyaona pamoja na viwango vya Marekani vya API SN au API SP, hicho cha pili kikiwa kimeanza kutumika mwaka 2020, umepata oili inayofaa kulinda beringi za injini yenye turbo katika joto letu.

Ushauri wangu kwa EJ20 yenye turbo, nzima, ambayo haijaongezwa nguvu, na inayotembea mjini na safari ndefu, ni oili ya sintetiki ya 5W-40 yenye ACEA A3/B4. Namba 30 inayoruhusiwa na kitabu cha gari si kosa katika nchi ya baridi, lakini vitabu vya zamani vya Subaru vyenyewe viliruhusu oili nzito zaidi kwa maeneo ya joto kali na kazi ngumu, na foleni ya Barabara ya Mandela, Dar es Salaam, mchana wa Januari ni kazi ngumu. Kwa gari linaloshiriki mashindano au lililoongezwa nguvu, 10W-50 au 15W-50 ya sintetiki inafaa, mradi uvumilie kuipa muda wa kupata joto.

Mafundi wengi watakushauri uweke 20W-50 ya kawaida, au "namba arobaini" inayotumika kwenye malori, hasa injini ikianza kulia. Ninawaheshimu mafundi hao, lakini katika jambo hili sikubaliani nao. Oili nzito ya madini huchelewa kufika kwenye turbo asubuhi na huacha masizi magumu pale turbo inapozimwa ikiwa ya moto, na katika injini zenye mfumo wa kubadilisha majira ya valvu, ambao husukumwa na shinikizo la oili, inaweza kuuchelewesha mfumo huo. Zaidi ya hapo, oili nzito huficha mlio wa kugonga wa beringi iliyokwisha kuharibika kwa wiki kadhaa, na katika wiki hizo unga wa metali huzunguka injini nzima.

Wala unene peke yake si dawa. BMW M3 ya kizazi cha E46 ilipokuwa ikiharibu beringi za konrodi mwanzoni mwa miaka ya 2000, BMW iliita magari kwa ajili ya kubadilisha beringi na ikaelekeza matumizi ya 10W-60. Kizazi kilichofuata cha M3, chenye injini ya V8, kilitumia 10W-60 tangu mwanzo na bado kikawa na sifa ya kula beringi, na mafundi wengi wanaozijua injini hizo wanalaumu nafasi ndogo iliyoachwa kati ya beringi na krenki, isiyoipa oili nzito mahali pa kupita. Kwa sababu hiyo usiazime oili ya gari la jirani yako. Mwenye Toyota 86 au Subaru BRZ, ambazo injini yake haina turbo na ilibuniwa kwa 0W-20, asifuate ushauri wangu wa EJ20. Naye mwenye WRX mpya zaidi yenye turbo na kupuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda atafute API SP hasa, kwa kuwa kiwango hicho kilitengenezwa kwa kuzingatia milipuko ya mapema inayovunja pistoni za injini za aina hiyo.

Kuhusu oili bandia, nunua galoni ambalo pete ya kifuniko chake haijakatika, na ulinganishe namba za toleo zilizochapwa kwenye galoni na zile za galoni jingine la katoni hiyohiyo. Bei iliyo nusu ya bei ya madukani ni jibu tosha. Ukimaliza kumimina, toboa galoni tupu kwa msumari kabla ya kulitupa, ili lisirudi sokoni likiwa na oili chakavu iliyochujwa.

Hatua ya nne: kubadilisha kwa wakati

Kilomita 5,000 au miezi sita, chochote kitakachotangulia, ndiyo mwisho. Gari linaloshinda kwenye foleni libadilishwe kwa kilomita 4,000, kwa sababu injini inazunguka hata kama magurudumu yamesimama. Ukiinusa oili ya kijiti ikatoa harufu kali ya petroli, usisubiri kilomita zozote. Petroli imeingia kwenye oili, mnato umeshuka, na chanzo chake kitafutwe.

Tumia filta halisi au iliyotengenezwa mahsusi kwa injini hii. Pampu ya oili ya EJ20 husukuma kwa nguvu, na valvu ya filta halisi hufunguka kwa shinikizo kubwa kuliko ya filta nyingi za bei rahisi, ambazo hufunguka mapema na kupitisha oili bila kuchujwa. Kwa kuwa filta ya injini hii hufungwa kwa chini mdomo ukiwa juu, ijaze oili kabla ya kuifunga. Kisha ondoa fyuzi ya pampu ya petroli, piga stata kwa vipindi vifupi mpaka taa ya oili izime, ndipo urudishe fyuzi na kuwasha gari.

Filta ya hewa ni sehemu ya ulinzi wa beringi pia, ingawa wengi hawaitazami hivyo. Filta za wazi za kimichezo zisizobana vizuri huingiza vumbi, na vumbi la barabara ya changarawe likifika kwenye oili hujichimbia katika uso laini wa beringi na kuikwaruza krenki kila inapozunguka.

Hatua ya tano: namna ya kuendesha

Mshale wa joto la maji hufika katikati mapema kuliko oili inavyopata joto. Kwa dakika 10 hadi 15 za mwanzo endesha chini ya mizunguko 3,000 na usiiite turbo. Usilemeze injini kwa gia kubwa katika mwendo mdogo mlimani. Punguza gia, kwa maana mizunguko ikiwa michache utando wa oili huwa mwembamba huku mzigo ukiwa mkubwa.

Kama bajeti inaruhusu kitu kimoja tu cha kuongeza kwenye gari hili, basi kiwe saa ya shinikizo la oili, na ya joto la oili ikifuata. Kanuni ya gereji ni psi 10 kwa kila mizunguko 1,000 injini ikiwa ya moto. Joto la nyuzi 90 hadi 110 ni zuri; likivuka 130, achia mguu.

Hatua ya sita: petroli na programu ya injini

STI za soko la Japani zilipangiwa petroli ya daraja la juu, ambayo kwa kiwango cha Japani haipaswi kuwa chini ya oktani 96 (oktani ni kipimo cha petroli kuhimili kulipuka kabla ya wakati), na ambayo vituoni huko huwa karibu na 100. Petroli ya kawaida katika vituo vyetu vingi iko chini ya hapo. Petroli dhaifu hulipuka kabla ya wakati wake, na mlipuko huo hupiga pistoni kama rungu, pigo likashuka kwenye konrodi hadi kwenye beringi. Jaza daraja la juu linalopatikana, na usibadilishe bomba la kuvuta hewa, sailensa au shinikizo la turbo bila programu ya injini kupangwa upya na mtu anayepima kwa petroli ya hapa.

Hatua ya saba: kila sampu inapofunguliwa

Kagua bomba la kunyonyea oili, maana la injini hizi linajulikana kwa kupasuka kwenye maungio yake na kuanza kuvuta hewa. Kagua pia vichujio vidogo vilivyo ndani ya bolti za mabomba ya oili yanayokwenda kwenye turbo, ambavyo huziba kwa masizi. Gundi ya kufungia sampu ipakwe mstari mwembamba. Ile inayofurika kwa ndani hukatika na kwenda kuziba mdomo wa bomba.

Hatua ya nane: injini ikishanoki

Zima gari hapohapo na ulivute. Kila dakika unayoendelea kuendesha ni pesa ya krenki. Fundi akikuambia atabadilisha beringi moja iliyolia na kuipiga krenki msasa kwa mkono, mshukuru na utafute mwingine. Krenki lazima ipimwe kwa maikromita na kuchongwa kwa mashine au kubadilishwa, beringi zote zibadilishwe, na nafasi ya kila moja ithibitishwe kwa uzi wa plastiki wa kupimia kabla ya kufunga kabisa. Kipoza oili kibadilishwe kizima, kwa kuwa unga wa metali uliojificha ndani yake hauoshwi ukaisha, na umeua injini nyingi zilizotoka kutengenezwa. Turbo ifunguliwe, pampu ya oili ipimwe, na njia zote za oili katika bloku ziondolewe vizibo na kuoshwa kwa brashi ndefu.

Injini ikishawaka, mwaga oili ya kwanza baada ya kilomita 50, ya pili baada ya kilomita 500, na mara zote mbili ikate filta na kuikunjua karatasi yake juani.